Mtu wangu hayumo kwenye filamu

Juzi mjukuu wa dadangu kaniwekea filamu kwenye simu, A Man for All Seasons, ile ya 1966 ya Paul Scofield, iliyozoa tuzo za Oscar mpaka zikawashinda kubeba. Alikuwa kachoka kunisikia nikiitaja. Nikajipangia chai yangu ya rangi na mahamri mawili nikasema leo ntafaidi, nikakaa nikangoja mtu wangu atokee, saa mbili nzima, Mfalme Henry wa Nane kaja kaenda, Thomas More aliyekuwa kansela wake kakatwa kichwa, filamu ikaisha. Mtu wangu hakutokea! Wamemtoa. Nilisonya mpaka yule mtoto akaniuliza babu kwani waliomo ni watu wako.

Si watu wangu, lakini yule mmoja ni wangu. Kwenye mchezo wenyewe wa jukwaani, alioandika Robert Bolt na ukachezwa London mwaka 1960, kuna mhusika hana hata jina, anaitwa tu Common Man, mtu wa kawaida, mtu kama mie. Ndiye anayeanza. Anakuja na kapu lake la nguo analalamika kwamba mchezo umejaa wafalme na makadinali, alafu wa kufungua pazia awe yeye, haya ni mambo gani. Kisha avaa koti na kuwa mtumishi wa nyumba ya More, avua avaa kofia awa mpiga makasia, mara mwenye baa, mara askari jela, mara mkuu wa wazee wa baraza kortini, na mwisho kabisa ndiye anayeshika shoka. Mtu mmoja, kazi zote za chini. Kwenye filamu kazi zake wamegawia watu tofauti tofauti, yeye mwenyewe hayupo. Ni kama pilau iliyotolewa bizari, wali upo na nyama ipo lakini kwangu mie hiyo si pilau.

Sasa niwaambie kwa nini naumia ivo.

Mie nina kigugumizi tangu utotoni. Sio kile cha kukwama neno moja kwa wiki, hapana, kigugumizi cha kujulikana mtaa mzima, nikitumwa dukani naandikiwa kikaratasi. Nilipofika kidato cha tano, shule ya bweni ya wavulana huku huku Pwani, miaka ile ya mwisho mwisho kabla mfumo wa elimu wa 8-4-4 haujafutilia mbali kidato cha tano na sita, tukapata mwalimu wa fasihi ya Kiingereza mzee mmoja Mtaita, mfupi, suruali juu ya kitovu, na yule mzee alikuwa na sheria moja tu: mchezo hausomwi kimya. Mchezo unasimamiwa. Kila mtu atapewa mtu wa kuigiza, hata wewe. Hilo "hata wewe" alinitazama mie.

Kwenye stoo ya vitabu kulikuwa na michezo mingi ya Kiingereza ya tangu enzi za mkoloni, mingine imeliwa na mchwa kurasa za mwisho kwa hivyo ilikuwa ukimaliza unauliza mwalimu nani alikufa. Si yote ilikuwa ya mtihani. Ya mtihani tulisoma, ya stoo tulicheza, na ntakwambia ukweli ya stoo ndiyo niliyobaki nayo. Wenzangu wenye ndimi nyepesi wakapewa kina Macbeth na Brutus. Mie nikapewa vijipande. Mlinda geti. Mtumishi. Mtu wa kuleta barua. Mwalimu alidhani ananionea huruma, na mie nilidhani ananidharau, tukakaa ivo mwaka mzima kila mtu na dhana yake.

Kijipande cha kwanza kilikuwa yule mlinda geti wa Macbeth. Mfalme Duncan kashauawa usiku, damu haijakauka, geti linagongwa, na anayekwenda kufungua ni mlevi anayejifanya yeye ndiye bawabu wa motoni. Maneno yake ya kwanza kwanza yana knock, knock, knock, alafu tena knock, knock, alafu tena. Yaani Shakespeare miaka mia nne nyuma kaandika kigugumizi! Nikasimama nikaanza, ikatoka k-k-knock, darasa likaanguka kwa kicheko, lakini kilikuwa kicheko cha mchezo, si cha kunicheka mie, tofauti yake naijua vizuri sana manake cha pili nimekisikia maisha yangu yote. Na nilipofika katikati nikagundua kitu. Maneno yakiwa si yangu, ulimi hautetemeki. Niliyoyashika kwa kichwa yalitoka kama maji ya mfereji. Nikikaa chini nimuombe jirani kalamu, ka-ka-ka.

Hilo nililichukua nikaondoka nalo. Nilipomaliza kidato cha sita pointi hazikutosha chuo kikuu, nikaingia hoteli ya ufuoni kama weita, na siku ya kwanza nimevaa shati jeupe na tai ya kipepeo nikaenda meza ya kwanza nikasema karibuni kwa Kiingereza cha kukariri bila kukwama hata kidogo. Sikuwa mie, nilikuwa weita. Miaka thelathini na kitu nimekula kwa hilo. Wenzangu jikoni walikuwa wakishangaa, nje kwa wageni nasema kama redio, nikiingia mlango wa jikoni tu nakwama kwenye neno "vitunguu".

Hapo ndipo nilipokuja kumuelewa Lane. Huyu ni mtumishi kwenye The Importance of Being Earnest ya Oscar Wilde, ya 1895, mchezo ambao darasani niliona ni upuzi mtupu wa matajiri kunywa chai. Bosi wake kamuagizia sandwichi za matango kwa ajili ya shangazi, alafu bosi mwenyewe azila zote kabla shangazi hajafika. Shangazi kaja, sahani tupu. Bosi amgeukia Lane kwa mshangao wa uongo, mbona hakuna sandwichi? Na Lane, bila kupepesa, asema sokoni leo hakukuwa na matango, nimekwenda mara mbili, hata kwa pesa taslimu hayakupatikana. Darasani tulicheka kidogo tukapita.

Sasa nisikize mie. Kuna siku meneja alikuwa na wageni wake binafsi wakala pweza wote waliokuwemo, na kwenye ubao pale nje imeandikwa kwa chaki pweza wa nazi. Mgeni wa meza ya baharini kaagiza pweza. Nikamtazama meneja, meneja akanitazama kana kwamba ndo kwanza asikia kuna samaki anaitwa pweza. Nikainama nikamwambia mgeni samahani sana, kusi limechacha, wavuvi hawajatoka siku ya pili leo. Yule mgeni akageuza shingo taratibu akaitazama bahari. Imetulia kama kioo, mtoto angeivuka na ndoo. Nikasema, hapa ndani ya mwamba bwana, huko nje ya mwamba ndo kuna shida. Akakubali, akachukua kuku. Nilirudi jikoni nacheka peke yangu, nikasema Lane, ndugu yangu, hata kwa pesa taslimu.

Kwa hivyo Wilde namsamehe.

Kuna mwingine, huyu nilimchukia kabisa kwa sababu alikuwa mwanamke na shule ilikuwa ya wavulana, Edna, yaya wa nyumbani kwenye An Inspector Calls ya J. B. Priestley. Nikafungwa leso kiunoni na nyingine kichwani, bweni zima wakaniita Edna mpaka namaliza shule. Maneno yake hayafiki hata nusu ukurasa, kazi yake ni kuleta chupa ya divai na kusema kuna inspekta kaja. Basi. Anayebaki ukumbini ni tajiri Birling na familia yake, ni mwaka 1912, wanasherehekea uchumba, na inspekta aanza kuwauliza mmoja mmoja juu ya msichana aliyejiua kwa kunywa dawa ya kuua viini, Eva Smith, ambaye kumbe alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha Birling akafukuzwa kwa kuongoza wenzake kudai nyongeza, shilingi ishirini na mbili na nusu kwa wiki walitaka ziwe ishirini na tano. Mtihani hupenda kuuliza nani mwenye hatia zaidi, na sisi tuliandika insha ndefu, baba, mama, mtoto.

Mie nilikuwa nimekaa nyuma ya ubao na leso yangu nangoja kuitwa, na swali langu lilikuwa lingine: Edna yuko wapi saa hizi? Watu wazima wanalia pale sebuleni juu ya msichana maskini waliyemtesa, na msichana maskini mwingine yuko jikoni kwao aosha sahani, hakuna hata mmoja anayemkumbuka, na mwandishi naye, ama kamsahau ama kafanya makusudi. Nilimuuliza mwalimu, kwa kukwama sana, ilichukua kama dakika mbili. Akavua miwani. Akasema swali zuri, kaa chini. Sijapata jibu hadi leo lakini nimehudumia karamu za harusi, mikutano ya wabunge, semina za kutetea haki za wafanyakazi wa nyumbani, naam hiyo nayo nimeihudumia, na hakuna aliyeshusha sauti nilipokuwa namimina maji. Weita ni kama feni ya juu.

Sasa hiki kingine sikisimulii sana.

Kwenye Julius Caesar, ya Shakespeare pia, kuna mshairi anaitwa Cinna. Onyesho lake ni fupi mno, watu wengi hawalikumbuki. Kaizari kashauawa, Antony kashahutubia, umati umechemka unazunguka mjini, unakutana na huyu mtu njiani, unamuuliza maswali manne kwa mpigo, jina lako nani, waenda wapi, wakaa wapi, una mke ama huna, jibu haraka. Asema jina langu Cinna. Na miongoni mwa waliomuua Kaizari kuna mwingine Cinna. Asema mie ni Cinna mshairi, siye yule. Wakamrarua hivo hivo, kwa jina tu. Mwalimu alileta na ile tafsiri ya Nyerere, manake Nyerere mwenyewe aliitafsiri Kaizari kwa Kiswahili, ikatoka 1963 akiwa ni rais tayari, na mwalimu wetu akatusomea pia ile sehemu tusikie inavyouma kwa lugha yetu. Cinna nikapewa mie. Umati ulikuwa darasa zima wananipigia kelele jibu haraka, jibu haraka, na hapo kukariri hakukusaidia kitu, nikakwama kwenye C ya kwanza. S-s-s. Wakanirukia. Tulicheka sana siku ile.

Januari 2008, baada ya ule uchaguzi wa Kenya uliozua ghasia za kikabila, nilikuwa safarini kwenye matatu, njia sitaji, vijana wameweka mawe barabarani wana fimbo na mapanga. Wakataka vitambulisho. Hawakusoma jina la kwanza, walisoma la mwisho. Mie kitambulisho nilikiacha kwenye begi juu ya paa. Basi kijana akanisogelea akasema, sema jina lako, na jina la babako, na kwenu ni wapi. Haraka.

Mwenye kigugumizi akiulizwa haraka huonekana mwongo. Hicho ndicho nilichokuwa nakijua tangu shule na sikujua kama nakijua. Mdomo umefunguka, pumzi ipo, neno halitoki, na yule kijana anaona mtu anatunga jina. Aliyeniokoa ni mama mmoja kiti cha nyuma, simjui, akapaza sauti, huyo ni bubu mwacheni, bubu huyo! Wakacheka wakatuachia. Nikawa bubu mpaka mwisho wa safari, ni kijipande changu kirefu kuliko vyote nilivyowahi kupewa. Watu wakiniuliza Shakespeare afaa nini kwa Mwafrika nanyamaza, manake nikianza kueleza nafika hapo kwenye S na sitaki.

Haya, turudi kwa Common Man wangu.

Kuna sehemu mbili ndani ya ule mchezo nazipenda kuliko zote. Ya kwanza, akiwa mtumishi wa More, jina la kazi ni Matthew, wakubwa wanakuja mmoja mmoja kumpa hela awape siri za bosi wake. Na yeye awauzia kila mmoja kitu ambacho kila mtu ashakijua tayari, kwamba bosi ni mtu wa kusali sana, kwamba jambo la Mfalme la kutaka kumwacha mkewe halimfurahishi. Wanalipa, wanaondoka wameridhika. Kama umewahi kufanya kazi hotelini huhitaji kuelezwa. Nimepewa bakshishi na watu wazima, wenye magari, niwaambie mheshimiwa fulani hupenda kukaa meza gani, na ile meza inaonekana kutoka barabarani.

Ya pili ndo yenyewe. More amejiuzulu ukansela kwa sababu hakubali Mfalme ajitenge na Papa, mshahara umekwisha, awaita watumishi awaambia hawezi kuwaweka wote. Amuuliza Matthew kama atabaki kwa mshahara mdogo zaidi. Matthew ajikunakuna, asema hapana bwana, siwezi. More hamgombezi, amwambia taratibu, nitakukosa Matthew. Amwambia tena. Kisha aondoka, na Matthew abaki peke yake jukwaani amekasirika, ajiuliza anikose mie, ndani yangu kuna nini cha kukosa, na ghafla ashtuka kama mtu aliyekaribia kukanyaga nyoka, asema nilikaribia kuingia mtegoni.

Mwalimu alituuliza, More asema kweli ama adanganya? Darasa likasema kweli, More ni mtu mwema, mwishowe afa kwa ajili ya dhamira yake. Mie peke yangu nikasema mtego. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na babangu kashafanya kazi kwa watu.

Machi 2020 ndege zilipofungwa kwa ajili ya korona, tarehe 25, hoteli ilikuwa tayari imebaki na wageni kama sita wanaotafuta njia ya kurudi kwao. Wiki iliyofuata tukaitwa ofisini mmoja mmoja. Meneja mwingine huyu, sio yule wa pweza, kijana, mstaarabu, hajawahi kunikatiza nikikwama, angoja mpaka nimalize, watu kama hao nawahesabu kwa vidole. Akaniambia mzee, tunaweza kukupa theluthi ya mshahara ubaki, au uende likizo bila malipo. Nikapiga hesabu ya nauli na kodi, nikasema siwezi. Akanyamaza. Alafu akasema, nitakukosa sana mzee. Wallahi hivo hivo. Akarudia.

Nikasikia mwili umenisisimka, nikataka kucheka. Neno nililokuwa nalingoja tangu kidato cha sita limekuja, na jibu lake nilikuwa nalo mfukoni, nililikariri. Nikaondoka nikijisifu, sikunaswa, Matthew oyee. Nilipofika geti mlinzi akaniuliza mzee mbona walia.

Tangu siku ile sijui tena nani alikuwa sawa, mie ama darasa. Nionavyo sasa, More asema kweli na bado ni mtego, vyote viwili, na Bolt alijua, ndo maana hakutuambia. Kwenye moja ya miisho aliyoiandika, Common Man akishakata kichwa arudi mbele ya watazamaji avua ile barakoa, awauliza bado wapumua? Vizuri eh? Awaambia kuishi si kazi, usilete fujo tu, na tukipishana barabarani nitambue. Mie nikizisoma hizo sentensi najisikia vibaya, na bado nampenda. Nimeishi kwa njia yake. More kafa tarehe 6 Julai 1535 na mtumishi wake nadhani alipata kazi kwingine.

Siku hizi nina kibanda Mtwapa, kando ya barabara ya Malindi, viazi karai, bajia, na ukwaju natengeneza mwenyewe. Nina kijana mmoja anayenisaidia, yuakaanga vizuri kuliko mie. Mwezi uliopita mafuta yalipanda, mvua ikanyesha wiki mbili, mauzo yakawa ya aibu, nikaona mshahara wake hautimii. Jioni tumemaliza, yuakuna karai, nikamwita. Hakukuwa na shati jeupe wala tai, na maneno hayakuwa ya mtu mwingine, yalikuwa yangu mwenyewe. Nikamwambia mwanangu, mwezi huu nina nusu. Ukitaka kuenda siwezi kukulaumu, lakini ni-ni-ni-nita...

Nikakwama hapo hapo. Yule kijana akangoja na steel wool mkononi, hakunimalizia. Alipoona haliji akasema sawa mzee, nusu sasa, nusu ijumaa ijayo, kisha akarudi kwenye karai lake.